Mashine, Takwimu na Usemi wa Baba Dogo

Katika uainishaji wa maneno kwa kompyuta, mjadala umeng'ang'ania swali moja: ipi bora, mbinu ya kitakwimu au mashine inayojifunza? Swali hili ni finyu. Mwaka 2006, De Pauw, de Schryver na Wagacha walizilinganisha mbinu hizo kwa kutumia Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki. Kazi yao ilikuwa ya msingi. Hata hivyo, kopasi hiyo hasa ni ya magazeti na vitabu, na aina za maneno yake zilibainishwa na programu ya SALAMA. Mshindi, basi, ni yule aliyeiiga SALAMA vizuri zaidi katika lugha sanifu.

Kijana wa Baba Dogo, Nairobi, husema "Mathe ameishia", yaani mama ameondoka. Nomino hiyo si ya lugha sanifu. Kitenzi ni chake, ila kwa maana nyingine. Mhakiki anayeikabidhi mashine riwaya yenye wahusika wa Sheng anaamini alama zilizopatikana kwa mtihani mwingine. Mbinu zote mbili na zitahiniwe kwa usemi huo kwanza. Ndipo mshindi atajwe.