Maumivu makali ya saratani: dawa ipo, tatizo ni uelewa

Uwe mkimbizi wa Nakivale au Kyangwali, au mwenyeji wa hapo, fahamu haki hii: tangu mwaka 2004, Uganda inawaruhusu wauguzi waliosomea huduma hiyo kuandika mofini ya kunywa. Mgonjwa haitozwi pesa.

Kwa nini basi wengine wenye saratani wanarudi nyumbani na parasetamoli tu? Baadhi ya wauguzi wanaogopa kwamba mgonjwa atakuwa mraibu, au wanadhani mofini ni ya anayekata roho. Sivyo. Dozi ikipimwa kulingana na maumivu, uraibu ni nadra. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo.

Nawe usivumilie kimya. Mwambie muuguzi maumivu yamefika namba ngapi kati ya 0 na 10, na kama yanakunyima usingizi. Lugha ikiwa tatizo, nenda na mkalimani. Mofini ikikosekana kituoni, omba rufaa. Hospice Africa Uganda ina vituo Mbarara na Hoima.