Rimu Isiyo ya Gari, Lawama Isiyo ya Dereva



Madereva wa teksi wa Diani na mafundi wa Ukunda wametuletea shauri ambalo twaona haifai kulinyamazia. Ni shauri la kufunga rimu za gari jingine katika motokaa kuukuu.

Mambo huenda hivi. Tajiri ana Corolla ya zamani, ile KE70, na rimu zake zimeliwa na kutu ya upepo wa bahari. Akiona rimu za aluminiamu zilizotoka katika Corolla ya miaka ya 1990, husema: "Corolla ni Corolla, matundu manne kwa manne, funga!" Fundi akizipachika, haziingii. Bolti za KE70 zimepangwa katika duara yenye upana wa milimita 114.3, na zile za Corolla E100 katika duara ya milimita 100. Tofauti hiyo yapita unene wa bolti yenyewe, ambao ni milimita 12.

Hapo ndipo ubaya huanza. Tajiri harudishi rimu dukani; huamuru matundu yatobolewe upya kwa keekee au yapanuliwe kwa tupa.

Sisi tulio kazini twaijua hatari yake. Nati ya gurudumu ina mchongoko, na tundu la rimu limechongwa lipokee mchongoko huo. Nati ikikazwa, rimu hubanwa juu ya habu, na mbano huo ndio uchukuao mzigo. Tundu likiharibiwa, nati haikai sawasawa. Rimu hucheza, nati hulegea, na bolti hupindwa kidogo kidogo mpaka ikatike. Tena haikatiki gereji. Hukatika gari ikiteremka kutoka Kwale kwenda Kombani, au ikiwa na abiria katika njia ya Msambweni.

Ikitokea hivyo, nani hulaumiwa? Sheria ya Barabarani, sura ya 403, kifungu cha 55, yamtia hatiani anayeendesha gari lenye hali ya hatari. Askari humkuta aliyeshika usukani. Tajiri yuko nyumbani. Kisha tajiri ataka gharama ikatwe katika mshahara wa dereva, na fundi aambiwa hakukaza nati. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini mwiba huu dereva hakujichoma, alichomwa. Sheria ya Ajira ya 2007 yaruhusu mshahara ukatwe kwa hasara iliyoletwa na kosa la makusudi la mfanyakazi. Rimu iliyochaguliwa na tajiri si kosa la dereva.

Wako wasemao kuwa rimu za magari ya zamani ni adimu. Hoja hiyo hatuidharau. Lakini rimu za chuma za mitumba zenye kipimo sawa hupatikana kwa mwenye subira. Iko pia adapta iliyotengenezwa kiwandani, madhali imekaa barabara juu ya habu na tairi haisugui bodi. Njia hizo zina gharama, na gharama hiyo ni ya mwenye gari.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Fundi apime kwanza: kwa rimu ya matundu manne, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linaloelekeana nalo. Kipimo kisipolingana, asifunge, wala asishike tupa hata akiongezwa pesa. Dereva akiona nati zalegea mara kwa mara, asimamishe gari, amwarifu mwajiri kwa maandishi, na nakala abaki nayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mfanyakazi atoe habari ya hatari kubwa, na yamzuia mwajiri kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa.

Twajua wasiwasi wenu. Fundi mmoja akikataa, tajiri huvuka barabara akaingia gereji ya pili, na aliyekataa hulala bila ujira wa siku. Ndiyo maana shauri hili haliwezi kuachiwa mtu mmoja. Gereji zote za Ukunda zikikataa, tajiri hatakuwa na pa kuvukia, naye atanunua rimu ya gari lake.