Michezo Si Chambo

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, nasikia sentensi ileile katika vikao vya kupanga mapokezi ya mwaka wa kwanza. Anasimama mtu mwenye nia njema, mara nyingi mwenyekiti wa vijana au mzee wa kanisa anayewapenda vijana kwelikweli, anasema: bonanza ni chambo. Tuwaite kwa mpira, na wakishakuja tuwape Neno. Kikao kinaitikia amina, mhazini anaandika bei ya jezi na kreti za soda, tunaendelea na ajenda nyingine.

Nimekaa kwenye vikao hivyo miaka kumi na miwili nikiwa mlezi wa vijana hapa Dodoma, na kwa miaka mingi nimeitikia amina pamoja na wenzangu. Sasa siitikii tena. Usemi huo si kweli, na umetuharibia kazi kwa kiasi ambacho hatujathubutu kukitazama.

Wanaousema hukimbilia upesi ahadi ya Yesu ya kuwafanya wanafunzi wake wavuvi wa watu. Haya, twende huko huko ziwani. Simoni na Andrea walikuwa wanatupa jarife siku ile. Aliyekulia Ujiji au Bagamoyo hahitaji kuelezwa tofauti: wavu hauna chambo. Chambo ni cha ndoana, na ndoana hufanya kazi kwa sababu samaki hajui kilichofichwa ndani ya anachokimeza. Petro ametumwa na ndoana mara moja tu, Mathayo sura ya 17, na siku hiyo alitumwa kutafuta fedha ya kodi ya hekalu. Hakutumwa kutafuta mtu.

Kijana wa miaka kumi na tisa ana akili. Akiitwa kuja kucheza, kisha akagundua kwamba waliomwita hawakuutaka mchezo wala hawakufurahia kucheza naye, bali walikuwa wanasubiri filimbi ya mwisho ili waanze walichokuja kukifanya, anaelewa amefanyiwa nini. Soda ataimaliza. Jumapili hatumwoni.

Ngoja niwaeleze nilichokiona mwenyewe.

Mwaka juzi alikuja binti wa mwaka wa kwanza kutoka Kasulu. Wiki ya kwanza alihudhuria ibada ya utambulisho. Mnaijua: wageni wanasimama mmoja mmoja, maikrofoni inapita, kila mtu anataja jina, mkoa na kozi, anamalizia kwa nimeokoka na ninampenda Yesu, kanisa linapiga makofi. Aliyasema yote hayo kwa sauti iliyoishia kooni, akaketi. Hakuna hata mmoja wetu aliyelishika jina lake.

Jumamosi tulikuwa uwanjani saa tatu asubuhi, vumbi limeshaanza kupanda. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa duara. Unataja jina lako na kufanya kitendo cha kazi uliyoizoea nyumbani, duara zima linarudia jina na kitendo, kisha unamrushia mpira mwenzako huku ukimwita kwa jina. Wa kwanza alifua. Wa pili alichunga, fimbo mabegani. Zamu ya yule binti ilipofika aliinama, akashika mchi usioonekana, akaanza kutwanga, na kila alipoupandisha aliuachia hewani, akapiga kofi moja, akaudaka kabla haujashuka. Waliokulia kijijini walipiga kelele kwa furaha, maana huo ni utwangaji wa mtu anayejua kutwanga. Watu arobaini tukatwanga naye, tukauachia mchi, tukapiga kofi, wengi tukauangusha. Alicheka mpaka akakaa chini. Jina lake hakuna aliyelisahau, na mpaka leo wenzake wakimwona kwa mbali kule chuoni, humsalimu kwa kofi moja.

Mwezi wa pili alifiwa na baba yake. Usiku ule kamati ya huduma ilikuwa bado inatafuta namba yake ya chumba. Waliokuwa wameshafika bwenini na kulala naye sakafuni ni wasichana watatu waliovuta kamba upande mmoja naye siku ya bonanza. Nionyesheni chambo kiko wapi hapo. Mimi naona kanisa, na lilianzia kwenye vumbi, saa tatu asubuhi.

Wanaotetea chambo hunitajia Don Bosco, padre mlezi wa vijana. Ni kweli, Yohane Bosco alipokuwa mtoto kijijini Becchi, kaskazini mwa Italia, alitembea juu ya kamba na kufanya sarakasi, na watazamaji wake walitakiwa kusali naye. Lakini msiishie utotoni mwake. Mei 1884, akiwa Roma, mzee wa miaka 68 mwenye afya mbovu, aliandika barua kwa nyumba yake ya vijana ya Valdocco mjini Torino. Anasimulia ndoto ya nyua mbili. Kwenye ua wa zamani mapadre na walimu wako katikati ya vijana, wanakimbia, wanaruka, wanaimba nao. Kwenye ua wa siku zile vijana wamejiegemeza kwenye nguzo, wamenyong'onyea, na walezi wanatembea pembeni wakizungumza wao kwa wao. Anachowalilia watu wake ni kwamba waliacha kucheza na vijana, na hapo ndipo vijana walipoacha kuwafungulia mioyo yao. Haitoshi kijana apendwe. Ni lazima aone kwamba anapendwa, na aone katika mambo anayoyapenda yeye.

Sasa tazameni bonanza zetu. Vijana wako juani. Sisi walezi tuko chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, tunahesabu waliohudhuria. Mchungaji anafika saa sita kwa maombi ya kufunga na kukabidhi kombe. Hayo ndiyo matunda ya nadharia ya chambo, kwa maana mvuvi hali chambo chake mwenyewe.

Mwaka nilioamua kuvua viatu na kuingia uwanjani ndipo nilipoanza kuwajua vijana wangu. Kulikuwa na mechi ya kirafiki, mwaka wa kwanza dhidi ya mwaka wa pili. Mwenyekiti wetu, kijana anayeongoza maombi hadi watu wanalia, aliuweka sawa mpira kwa mkono na kufunga. Refa hakuona. Kipa, mgeni wa wiki mbili, alilalamika, na mwenyekiti akamkatalia mbele ya watu wote, akaenda kushangilia. Nilicheza nafasi ya beki upande wake, nikaona mkono ule kwa macho yangu, nikanyamaza kama wengine. Wakati wa mapumziko alikunywa maji, akakaa peke yake, akasimama, akavuka uwanja mpaka kwa yule kipa. Akamwambia: "Mdogo wangu, niliushika. Nisamehe. Lile goli lifutwe." Lilifutwa, na tukafungwa kwa goli moja. Nimefundisha toba kwa miaka mingi kwa kutumia mafungu mengi, na toba ya mtu mwenye cheo kwa mtu asiye na cheo, hadharani, tena ikimgharimu ushindi, vijana wale waliiona pale. Mimi niliyenyamaza nilijifunza kutoka kwa mtoto niliyetumwa kumlea.

Kuna kundi la pili, la wazee wanaosema michezo ikome kabisa kwa kuwa ni mambo ya dunia. Wao na watu wa chambo ni ndugu wa tumbo moja: wote wanaamini mchezo wenyewe ni mtupu, wanatofautiana tu kama utupu huo una matumizi. Hunisomea Paulo kwa Timotheo, kwamba mazoezi ya mwili yafaa kidogo. Kidogo kina faida, wazee wangu, na Paulo huyo huyo alipowaandikia Wakorintho, watu walioishi jirani na michezo ya Isthmia, hakuona aibu kuchukua mbio na ngumi akazifanya mfano wa maisha ya Mkristo. Na kama mpira uliletwa kanisani na dunia, waulizeni wa Unguja. Katika karne ya 19, miongoni mwa vijana wa kwanza kuucheza kule walikuwa wanafunzi wa Kiungani, shule ya misheni ya UMCA iliyowapokea watoto waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, watoto wa makabila mbalimbali wasio na baba wala mjomba kisiwani. Shuleni ndiko mpira ulikotoka kuelekea mitaani.

Mtu aliyenifundisha zaidi kwamba mchezo wenyewe si mtupu ni James Naismith, Mkanada aliyesomea teolojia. Desemba 1891, huko Springfield, Massachusetts, alikuwa akifundisha kwenye chuo cha YMCA na akapewa darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya ndani, baridi ikiwa kali nje. Alikaa akachunguza ugomvi wa michezo ya mpira unatoka wapi. Aliona unatoka kwa mtu kukimbia na mpira huku wengine wakimwangusha. Akakataza kukimbia nao. Aliona goli la chini linaalika nguvu. Akalipandisha juu ya vichwa vya watu, futi 10, makapu mawili ya mapichi yakagongomelewa kwenye ukingo wa roshani, ili anayetaka kufunga alazimike kuurusha mpira kwa utulivu. Akaandika kanuni 13, na huo ndio mpira wa kikapu. Miaka minne baadaye, Holyoke, si mbali na hapo, William Morgan wa YMCA pia aliona kikapu kinawaelemea watu wazima, akafunga wavu juu kidogo ya kimo cha mtu, na voliboli ikazaliwa. Hawa hawakutafuta kitu chochote tu cha kuwakusanya vijana. Walikaa na swali la Kikristo kabisa, jinsi watu wanavyoweza kushindana bila kuumizana na bila mnyonge kuachwa nje, wakaliandika jibu ndani ya kanuni.

Sisi, kwa sababu tunaamini ni chambo tu, hatujali ni mchezo gani. Chochote kinachochekesha kinatosha. Nimesimama kwenye ushirika mmoja, filimbi ikiwa shingoni mwangu, nikaona kijana mnene akirudishwa mara mbili kukimbia ndani ya gunia kwa sababu alichekesha alipoanguka. Mara ya pili alianguka kifudifudi na hakuinuka haraka. Watu walikuwa wanapiga picha. Sikupuliza. Hakurudi tena, na nilipomtafuta aliniambia kwa heshima zote kwamba ana vipindi vingi. Nimeona wageni wakifungwa vitambaa machoni na kulishwa vitu ambavyo hawakuambiwa ni nini. Nimeona manahodha wawili wakichagua wachezaji mmoja mmoja mpaka anabaki binti wa mwisho katikati ya uwanja, na nahodha anasema haya, mchukueni ninyi. Kuhesabu moja, mbili, moja, mbili kungemaliza kazi hiyo kwa nusu dakika, na kila mtu angekuwa na timu.

Kosa langu mwenyewe lilidumu miaka miwili. Tuna kijana anayetembea kwa magongo mawili. Kila bonanza nilimpa filimbi nikidhani nimemtendea wema. Alichezesha vizuri, kwa haki, hakulalamika. Mwaka jana wakati tunapanga siku ya mapokezi alinivuta pembeni. "Shikamoo mlezi. Nikuulize kitu? Hivi refa naye huwa anapata timu lini?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Nilikwenda nikasoma, nikakuta kuna voliboli ya kuketi, mchezo ulioanzia Uholanzi katika miaka ya 1950. Uwanja wake ni mdogo, mita 10 kwa 6, na wavu wa wanaume uko mita 1.15 kutoka chini. Kila mchezaji anakaa sakafuni, na haruhusiwi kuinua makalio anapoupiga mpira. Tatizo lilikuwa sakafu, maana uwanja wetu ni changarawe na miiba. Tulichokuwa nacho ni turubai la viongozi. Vijana walilifungua kutoka kwenye nguzo, wakalitandaza chini, wakalichora mistari kwa chokaa na kufunga kamba ya wavu kwenye nguzo mbili zilizobaki.

Tulikaa chini wote. Wakali wa mpira wa miguu hawakujua waipeleke wapi miguu yao, wakawa wanasota kama watoto. Yeye aliweka magongo pembeni, akasogea kwa mikono kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea, mabega yamejengwa na miaka kumi na mitano ya kuubeba mwili wake, na mpira wa tatu aliousmashi ulinipita kifuani kabla sijainua mikono. Timu yake ilimrukia. Niliona uso wake wakati huo, na sitaueleza hapa.

Saa sita mchungaji alifika kwa maombi ya kufunga, Biblia mkononi, akatafuta turubai kwa macho. Akauliza akae wapi. Yule kijana akafuta jasho, akamwonyesha nafasi iliyokuwa wazi upande wa pili wa wavu.