TAHARIRI: Salamu Si Hati ya Nyumba

  



Vijana wetu wa Soni, Bumbuli na Lushoto wanaendelea kushuka milima hii kwenda kutafuta elimu na riziki. Zamani safari ya wengi iliishia Tanga au Dar es Salaam. Leo wapo wanaopita hapo na kufika Muscat, Dubai, Istanbul na London. Hatuwalaumu, kwani ardhi ya Allah ni pana, na kusafiri kwa ajili ya halali ni jambo jema. Linalotusikitisha ni kwamba wapo wanaoibiwa kabla hata hawajapanda ndege, na wanaibiwa kwa jina la nyumba ya kupanga.

Wizi huu una mwendo unaofanana. Kijana ameshapata viza na tarehe ya safari, lakini hana pa kufikia. Katika simu yake anakutana na tangazo la nyumba nzuri, yenye samani, karibu na chuo au kazini, na kodi yake ni nusu ya ile inayotozwa kwa nyumba za jirani. Anaandika kuuliza. Anajibiwa kwa salamu kamili, kisha anaitwa ndugu katika imani. Mwenye nyumba anadai kuwa yuko safarini, au amehamishwa kikazi, hivyo hawezi kumwonyesha mtu nyumba. Anatuma picha, nakala ya pasipoti na mkataba uliopigwa muhuri. Anasema wapo watu wawili wanaoitaka nyumba leo hii, ila yeye angependa impate Muislamu mwenzake. Anachohitaji ni kodi ya miezi mitatu pamoja na fedha ya dhamana, itumwe kwa jina la mtu binafsi. Funguo zitafuata kwa posta.

Huku nyumbani mzazi anauza ng'ombe wa maziwa, au anakopa kwa kutegemea viazi na kabichi ambazo bado ziko shambani. Fedha zinatumwa. Kijana anafika usiku, katika mji asioujua, na mlango anaoubisha unafunguliwa na familia inayoishi hapo miaka mingi na isiyojua habari yoyote ya kupangisha. Anapopiga ile namba, haipatikani tena.

Tunauliza: ni kitu gani kilichomfanya mzazi makini, asiyenunua hata mbuzi bila ya kumshika mgongo, atoe mali yote hiyo kwa nyumba asiyoiona na mtu asiyemjua? Mara nyingi jibu ni ile salamu. Tapeli amegundua kwamba kwetu sisi maneno ya dini yanafungua milango ambayo maneno mengine hayafungui, akayafanya kuwa dhamana ya uongo wake.

Wapo watakaosema kuwa kumtaka Muislamu mwenzako ushahidi ni kumdhania vibaya, na dhana mbaya imekatazwa. Ni kweli imekatazwa, katika aya ya 12 ya Suratul Hujurat. Lakini katika sura hiyo hiyo, aya ya 6, waumini wameamrishwa kuihakiki habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, wasije wakajuta kwa waliyoyatenda. Nayo aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inaelekeza deni la muda liandikwe na kushuhudiwa. Walioelekezwa hivyo ni waumini katika miamala yao wenyewe kwa wenyewe. Basi kuhakiki ni adabu ya dini, na Muislamu mkweli haoni vibaya kuombwa hati.

Fiqhi nayo haikuliacha jambo hili. Kupanga nyumba ni ijara, yaani kununua manufaa ya kitu kwa muda maalumu. Hivyo nyumba yenyewe lazima ijulikane, na anayepangisha awe na haki ya manufaa hayo. Kwa wanazuoni wa Kishafii, kauli yenye nguvu ni kwamba hakusihi kuuza kitu mahsusi ambacho mnunuzi hajakiona, na ijara ya nyumba mahsusi inakwenda njia hiyo hiyo. Wanazuoni wa Kihanafi wameruhusu, lakini wakampa mwenye kununua au kupanga hiari ya kuvunja mkataba pale atakapokiona kitu chenyewe. Pande zote mbili zimemlinda asiyeona. Tapeli anataka ulipe bila ya kuona na bila ya hiari.

Kwa hiyo tunawausia wazazi na vijana wetu mambo yafuatayo.

Kwanza, msitume fedha ya nyumba ambayo hakuna mtu wenu aliyeingia ndani yake. Kama hayupo wa kwenda, kijana akafikie kwanza kwa jamaa, katika bweni la chuo au nyumba ya wageni kwa siku chache, kisha atafute akiwa huko. Gharama ya wiki moja ni ndogo kuliko hasara ya miezi mitatu.

Pili, picha na nakala za pasipoti si ushahidi, kwani huibwa kutoka matangazo ya kweli na kwa watu wa kweli. Mwombeni mpangishaji apige simu ya video akiwa ndani ya nyumba, afungue mlango na kuonyesha mtaa. Akitoa udhuru kila mara, acheni.

Tatu, fedha iliyotumwa kwa njia ya mawakala wa kutuma pesa na kuchukuliwa upande wa pili ni vigumu mno kurudi. Njia hizo ni za kumtumia mtu unayemfahamu.

Nne, ulizeni sheria ya nchi mnayokwenda. Oman ina Amri ya Kisultani namba 6 ya mwaka 1989 kuhusu wapangaji na wenye nyumba, na mikataba husajiliwa manispaa. Dubai ina mfumo wa usajili uitwao Ejari tangu mwaka 2010. Katika England na Wales, tangu Aprili 2007 fedha ya dhamana ya mpangaji wa kawaida hulindwa katika mpango unaotambuliwa na serikali, na rejesta ya ardhi humwonyesha yeyote jina la mmiliki kwa ada ndogo. Anayekwambia usajili hauna haja amekwisha kujieleza.

Tano, haraka ni silaha ya tapeli. Mtu akikwambia ulipe kabla ya jioni, subiri hadi kesho.

Na aliyekwisha kuibiwa asifiche kwa aibu. Aiarifu haraka kampuni au benki iliyopeleka fedha, atoe taarifa polisi, na ujumbe wa utapeli uliokuja kwa simu ya hapa nchini aupeleke namba 15040 ya TCRA. Wala asimlipe mtu mwingine anayeahidi kumrudishia fedha zake kwa ada, kwani mara nyingi huyo ni tapeli wa pili.

Wajibu hauishii kwa msafiri. Misikiti yetu ina watu waliotangulia katika miji hiyo. Kamati ya kila msikiti na iandike majina yao kwa ridhaa yao, ili kijana anapopata tangazo awepo wa kwenda kubisha hodi kabla senti haijatoka. Na wewe uliyetangulia, ukiombwa kumtafutia mwenzako chumba, hiyo ni amana. Ukitaka ujira wako, utaje wazi, usiufiche ndani ya kodi. Mtume (S.A.W.) amemtenga na sisi mwenye kughushi, na hakubagua kati ya anayeghushi mbali na anayeghushi jirani.

Kutawakali hakuondoi kufunga kamba ya ngamia, kama Mtume (S.A.W.) alivyomfundisha yule aliyemuuliza. Kamba ya msafiri wa leo ni kuuliza, kuona na kuandika. Tuifunge kwanza, kisha tumtegemee Allah.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi vijana wetu ugenini, awarudishie wazazi wao kilicho bora kuliko kilichopotea, na atujaalie kuwa waaminifu sisi kwa sisi. Amin.