Pazia Hushikwa na Boriti, Si na Chokaa



Mavyaa wangu alipofiwa na mumewe, alikaa eda katika nyumba yao ya Mji Mkongwe, ghorofa ya kwanza ya jumba ambalo wakaazi wake wote hupanda ngazi moja. Chumba chake kinafungukia ukumbini, na ukumbi ndio njia ya kwendea jikoni na msalani. Kwa hiyo miezi minne na siku kumi ilihitaji jambo ambalo hakuna aliyelifikiria siku ya mazishi: pazia la kuugawa ukumbi, ukuta hadi ukuta, ili wageni wa kiume wapite upande mmoja na mwenye eda apate sitara yake upande wa pili.

Fundi aliitwa. Alipima katikati ya ukumbi kwa futi, akatoboa dari matundu manane, akapachika plagi za plastiki, akakaza breketi nne, yaani vile vyuma vinavyolishika bomba la pazia, akalipwa ujira wake akaondoka. Usiku wa tatu mjukuu mmoja alilivuta pazia kidogo tu apite, na bomba lote likashuka pamoja na kifusi cha chokaa, mbele ya vijana watatu waliokuja kutoa rambirambi. Vijana wale waligeuza nyuso zao ukutani, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Mavyaa wangu alikuwa kichwa wazi, anakula. Alijifunika kitambaa cha meza na hakusema neno. Asubuhi ndipo aliponiita: “Mwanangu, dari hii ina kulabu ya kandili tangu nilipoingia humu bibi harusi. Mmeitazama?”

Hatukuitazama. Ilikuwa shubiri moja tu kutoka mahali palipotobolewa, imejaa rangi ya chokaa ya miaka mingi, na haikutikisika hata tulipoivuta kwa mikono miwili.

Tofauti ya kulabu ile na plagi zile nane ndiyo habari yangu ya leo. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo. Dari yake ni boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, juu yake mawe, na juu ya mawe chokaa iliyoshindiliwa, ambayo kwa aliye juu ni sakafu. Boriti hizo ndizo zilizokuwa zikiletwa na majahazi kutoka Rufiji na Lamu, na zikipelekwa pia Arabuni na Ghuba kwa kazi hiyo hiyo. Urefu wake hauzidi sana mita 3, na ndiyo sababu vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni kipimo cha mti. Baina ya boriti na boriti hakuna kitu cha kushika skrubu isipokuwa vipande vya mawe na chokaa laini. Plagi ya plastiki hutanuka ndani ya tundu ili iume, na chokaa ya zamani haiumiki. Husagika ikawa unga.

Fundi wetu, basi, aliifuata futi, hakuifuata boriti.

Mzee aliyeitwa kutengeneza alianza kwa kubisha hodi na kusimama nyuma ya mlango. “Bi Mkubwa, pole kwa msiba. Naomba ruhusa niitazame dari yako, na naomba nipande kwa jirani wa juu pia.” Nilishangaa, jirani anahusika vipi na pazia letu? Mzee alitaka kujua choo cha juu kiko wapi. Maji yanayovuja kidogo kidogo kwa miaka huingia kwenye kichwa cha boriti pale inapozama ukutani, na huko ndiko mti unakooza kwanza, mahali ambapo jicho halifiki. Baada ya hapo aligonga kila boriti kwa mpini wa nyundo. Iliyo nzima hutoa mlio mkavu na mfupi. Iliyoliwa hutoa mlio mzito kama wa ngoma, na ukiichoma kwa ncha ya bisibisi huingia kama katika mkate. Unga mwembamba wa fukusi ukionekana sakafuni kila asubuhi mahali pale pale, usitundike kitu hapo. Boriti mbovu si jambo la mpangaji wala la fundi wa mapazia. Mwambie mwenye nyumba, na kama nyumba ni ya wakfu waambie wasimamizi wake. Tangu sehemu ya Beit el Ajaib iporomoke tarehe 25 Desemba 2020, sidhani kama yupo mkaazi wa Mji Mkongwe anayehitaji kuelezwa zaidi.

Jambo la pili ni mwelekeo, na hapa wengi hukosea. Boriti hulala kwa upana wa chumba. Pazia la dirisha lililo kwenye ukuta mrefu litakatisha boriti, hivyo kila breketi inaweza kupata mti wake. Lakini kwa kuwa hapo ni karibu na ukuta, ndipo pa kuchunguza uozo. Pazia la kugawa ukumbi, kama letu, hufuata njia ile ile ya boriti. Likiangukia chini ya boriti moja, breketi zote hukaa juu ya mti huo na kazi imekwisha. Likiangukia katikati ya mbili, uchague: ama ulisogeze pazia, ama ukate vibao vya mbao ngumu, kila kimoja kishike boriti mbili kwa skrubu, kisha breketi ikae juu ya kibao. Sisi tulilisogeza shubiri moja, likakaa sambamba na kulabu ya kandili. Ukumbi haukugawika sawasawa, na hakuna mgeni hata mmoja aliyekuja na futi.

Mti wa mkoko ni mgumu mno. Skrubu ikilazimishwa bila kutanguliwa na tundu, hukatika shingo na kubaki humo, au huupasua mti. Kwa skrubu ya milimita 5, tangulia na tundu la milimita 3 au zaidi kidogo. Urefu wa skrubu uwe milimita 50 hadi 60, kwani milimita kadhaa za mwanzo zinapita katika rangi na chokaa tu, ambazo hazishiki kitu. Chagua skrubu zisizoshika kutu. Upepo wa bahari wa Shangani na Malindi huila ile ya chuma cha kawaida, na kutu ikishuka juu ya kitambaa cheupe haitoki kwa sabuni yoyote niijuayo. Shaba haipati kutu, ila ni laini. Ipitishe kwanza skrubu ya chuma katika tundu, uitoe, kisha ndipo uingize ya shaba.

Breketi ngapi? Wauzaji watakupa mbili kwa bomba la mita 3, kwa sababu ndizo zilizomo paketini. Hazitoshi. Weka moja karibu na kila ncha, kiasi cha sentimita 10 au 15, na nyingine kati kwa kila mita moja hivi. Chagua breketi yenye matundu mawili au matatu ya skrubu, na yenye mdomo uliofunga bomba pande zote, maana ile iliyo wazi kama kulabu huliachia bomba mtu akilisukuma kwenda juu.

Uzito nao tuuhesabu kidogo. Pazia la urefu wa mita 3 lililokunjwa vizuri huchukua kitambaa cha upana wa mita 6, yaani mita 18 za mraba. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba kitafika kilo 3.6, mahameli ya gramu 400 itafika kilo 7.2. Boriti nzima hailioni zigo hilo. Kinachoangusha pazia ni mkono: mtoto anayejificha humo na kuning’inia, au mtu mzima aliyejikwaa akashika kilichokuwa karibu. Kwa hiyo fundi akimaliza, kabla hajalipwa, livute bomba kuelekea chini kwa mikono yako miwili karibu na kila breketi. Akinuna, mwache anune.

Wasomaji wangu wa Fuoni, Kiembesamaki na Tunguu, nyinyi mna dari za aina nyingine na maneno yenu ni mafupi. Dari ya zege hutaka drili ya kugonga na bolti za chuma zinazotanuka. Toboa mbali na taa na pangaboi, kwani nyaya huenda zimepita ndani ya zege hilo hilo. Dari ya jipsam haibebi pazia kamwe, hata muuzaji akuonyeshe plagi ya namna gani. Tafuta mbao zinazoishikilia jipsam na ukaze humo. Anayejenga sasa na amwambie fundi aongeze ubao juu ya kila dirisha kabla dari haijafungwa. Ni ubao mmoja tu, lakini ukisahaulika utaufuata baadaye kwa kuikata dari mpya.

Msinunue kitambaa kwanza. Najua Mchangani kunavutia, nami nimekwisha kufanya kosa hilo: nilishona kwa kipimo cha kutoka dari hadi sakafu, nikasahau kwamba breketi na bomba hushusha pazia sentimita 5 au zaidi, nikabaki na pazia linalodeka maji kila nikipiga deki. Fungeni bomba, pimeni kutoka kwenye pete zake, punguzeni sentimita 2 za chini, ndipo mwende dukani. Na katika nyumba ya zamani pimeni kushoto, kati na kulia, kwa sababu sakafu zetu zina mabonde.

Matundu manane ya mwanzo mzee aliyaziba kwa chokaa na mchanga, bila saruji, ili kiraka kisiwe kigumu kuliko dari inayokizunguka. Eda ilipokwisha tulilishusha pazia, tukaziacha breketi. Mwezi wa Shaabani mavyaa alituma mtoto aje kulichukua kwangu, nimelihifadhi kabatini. Anasema watu wa futari watakuwa wengi mwaka huu, na wanawake wanataka upande wao.