Kabla ya kuuliza bei ya meko, uliza uzito

Baridi ya Juni na Julai huko Limuru humfanya mzazi atamani moto sebuleni. Nyumba kuukuu zinapobomolewa, fremu za mawe zilizozunguka meko huuzwa, nazo ni nzuri kweli.

Lakini jiwe la juu, lile la kuwekea picha, likiwa la marumaru lenye urefu wa mita 1.5, upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 5, hukaribia kilo 40. Kwa mtoto wa miaka mitatu, hapo ni mahali pa kuning'inia.

Fundi akikuambia gundi au simiti pekee inatosha, mkatalie. Kila kipande, miguu miwili na jiwe la juu, kifungwe kwa vyuma na skrubu zinazoingia kwenye ukuta wenyewe, si kwenye plasta. Simama hapo akitoboa. Akishaziba hutaona tena alichofanya.

Rangi ya zamani usiikwangue ndani ya nyumba, huenda ina madini ya risasi.

Na fremu ikifika leo, fundi akaahidi kesho (mnawajua mafundi), msiiegemeze ukutani. Ilazeni chini.