Mia tano ya kuvunja iframe? Mnaibiwa

Wasee, hii biashara ya kuuziana "njia ya kuvunja iframe" imenichosha. Mtu anakuahidi kwamba ukimtumia mia tano, atakupa JavaScript ya kubadilisha chochote kwenye fremu iliyo ndani ya fremu nyingine, hata kama ni tovuti ya wenyewe. Uongo mtupu.

Kama kurasa zote ni zako, hakuna siri ya kuuza. Kila fremu ina document yake, ndio maana querySelector ya ukurasa wa nje haioni kitu huko ndani. Unashuka tu ngazi kwa ngazi: shika fremu ya kwanza, ingia contentDocument yake, tafuta ya pili humo, ingia tena, badilisha maandishi. Ila subiri kila moja imalize kupakia. Ukiwahi, utakuta ukurasa mtupu uanze kutukana laptop bure. Ni mistari kama mitano hivi.

Kama ukurasa wa ndani ni wa wenyewe, contentDocument inakurudishia null, basi. Na brauza haina undugu: http na https za jina moja la tovuti zinahesabika wageni, hata namba ya porti ikitofautiana ni hivyo hivyo.

Mnaita huo usumbufu. Haya, toa hilo kufuli. Umeingia kwa akaunti yako ya benki, halafu unafungua tovuti ya kubeti. Hiyo tovuti inaficha fremu ya benki yako kwa kona, inasoma salio, inabadilisha namba ya anayetumiwa pesa. Wa kwanza kulia ni nani? Si ni wewe uliyetaka livunjwe?

Njia halali ipo, inaitwa postMessage. Unatuma ujumbe, mwenye ukurasa wa ndani anakagua event.origin, akikuamini anabadilisha mwenyewe. Bila yeye kukubali, hakuna kitu. (Na wewe unayeweka nyota mahali pa anwani ya mpokeaji, tutaongea siku nyingine.)

Sasa kuna hii: fremu ya katikati ni ya mgeni, lakini ya ndani kabisa ni ya tovuti yako. Wengi wanakata tamaa hapo, na bado frames[0].frames[0].document inafunguka. Muulize mwalimu wako wa mia tano ni kwa nini. Akianza kuzunguka, dai pesa yako.